Kutoka Posta hadi Manzese: Spika mbili zinatosha, mtu wangu!

Wiki hii tunapanda basi. Tunaanzia Posta, tunapita Kariakoo, tunamalizia Manzese, na njia nzima tunatafuta kitu kimoja tu: sauti ya mtu anayeongea kwenye sinema.

Najua utacheka. Lakini jiulize mwenyewe, ni mara ngapi umekaa na washikaji mnacheki picha ya nguvu, steringi anamnong'oneza adui yake neno la maana kuliko yote, halafu chumba kizima hakuna aliyelisikia? Mwenye rimoti anapandisha sauti. Ghafla helikopta inalipuka, mtoto wa chumba cha pili anaamka analia, mzee wa chumba cha tatu anagonga ukuta. Rimoti inashushwa. Steringi anaanza tena kunong'ona. Basi usiku mzima sauti ni kupanda na kushuka kama ndoo ya kisimani.

Watu wengi mjini wanaamini dawa ya ugonjwa huu ni mshiko. Spika mbili hazitoshi, wanasema, tafuta tano na sabufa juu yake. Mimi nasema tulia kwanza. Picha nyingi za leo zinatengenezwa kwa spika sita, hilo ni kweli, lakini mbili ulizonazo ndani zinaweza kukupa sinema nzima, mradi ujue ile sauti ya mtu imefichwa wapi. Twende kituo kwa kituo.

POSTA, SINEMA ILIKOANZIA

Tunaanzia mjini kati kwa sababu huku ndiko wazazi wetu walikojifunzia kuangalia picha. Mkamate mzee yeyote aliyekuwa kijana miaka ya 1960 na 1970, atakutajia majina kama anasoma mahudhurio shuleni: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Jumapili ilikuwa siku ya kuvaa ukapendeza. Foleni ya tiketi, karanga mkononi, na mtu aliyekosa tiketi akinunua kwa mlanguzi bei mara mbili.

Halafu kulikuwa na Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966 upande wa Msasani. Pale ulikuwa unaingia na gari, unaegesha mbele ya kitambaa kikubwa cheupe, unachukua kispika kidogo cha chuma na kukitundika kwenye dirisha la gari. Kispika kimoja! Hakuna kushoto wala kulia, wala cha nyuma yako. Na watu waliangalia picha za Kihindi za saa tatu wakalia machozi ya kweli. Leo ukipita pale utaona ubalozi wa Marekani, lakini wenyeji bado wanaliita eneo lile Drive-In.

Sasa kama kispika kimoja kilitosha kumliza bibi yako, imekuwaje leo mbili zishindwe?

Jibu liko kwenye kumbi zenyewe. Ukumbi wa sinema ni mpana. Kuna mtu aliyekaa katikati na kuna aliyebanwa pembeni kabisa ukutani. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja Mwingereza, Alan Blumlein, alikerwa ukumbini kwa sababu mwigizaji alikuwa anatembea huku na sauti yake inatokea kule. Desemba 1931 aliomba hakimiliki ya uvumbuzi wake wa kutumia njia mbili za sauti, ndiyo mwanzo wa hiki tunachokiita stirio. Mwaka 1940 Walt Disney alitoa picha ya Fantasia ikiwa na mitambo ya kuzungusha sauti ukumbini. Star Wars ya mwaka 1977 ikawadatisha vijana wa dunia nzima kwa sauti ya Dolby. Mwaka 1992 ikaja Batman Returns na Dolby Digital, mwaka 1993 Jurassic Park ikaja na DTS, na tangu hapo mambo yakawa ya njia sita.

Hizo sita zihesabu pamoja nami, maana hapa ndipo siri ilipo. Kuna ya kushoto mbele. Kuna ya kulia mbele. Kuna mbili za pembeni au nyuma yako, kwa ajili ya mvua, ndege na risasi zinazopita sikioni. Kuna moja ya mngurumo tu, inayobeba sauti nzito za chini hadi mitetemo kama 120 kwa sekunde. Hiyo ndiyo ile "nukta moja" unayoiona kwenye boksi limeandikwa 5.1. Na ya sita ni ya katikati, nyuma ya kitambaa chenyewe. Kitambaa cha sinema kina vitundu vidogo vidogo ili sauti ipenye.

Ile ya katikati ndiyo ya maneno. Karibu kila kitu anachosema steringi, adui, mpenzi wa steringi na polisi anayechelewa kufika kimewekwa humo. Kimewekwa humo makusudi, ili hata yule aliyebanwa ukutani asikie neno likitoka mdomoni kwa mwigizaji na si kwenye spika iliyo jirani naye. Shika hilo, panda basi.

KARIAKOO, PENYE MABOKSI MAZURI

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo mji huu haujaacha kubeba. Ukishuka tu unapishana na mkokoteni, unapishana na machinga mwenye soksi mabegani, unakanyagwa na mtu ambaye anakuomba radhi akiwa ameshafika mtaa wa pili. Kati ya Msimbazi na Uhuru kila duka la redio limetoa spika zake nje, na kila spika inashindana na ya jirani. Huku Bongo Fleva, huku taarabu, huku mahubiri. Ukisimama katikati masikio yanakuwa kama yamewekwa kwenye kinu.

Muuzaji anakuona tu unavyotembea taratibu.

"Karibu kaka! Karibu bosi wangu! Hom thieta mpya hizi, spika tano na sabufa. Ukiwasha nyumbani majirani wote wanahamia kwako!"

Anawasha. Kifua kinatikisika. Taa za bluu na nyekundu zinacheza. Kwa kweli inapiga ile mbaya, na mfuko wako unaanza kuwasha.

Hapo ndipo nataka uwe na adabu kidogo na pesa yako. Mwambie, "Kaka, samahani, igeuze nione mgongo." Muuzaji mzuri hatakasirika. Angalia mahali ambapo sauti inaingilia. Mara nyingi utakuta matundu mawili tu, jekundu na jeupe, na labda sehemu ya flash na bluetooth. Matundu mawili maana yake zinaingia njia mbili. Zile spika tano hazipati njia tano. Zinagawana zile mbili. Ya nyuma kushoto inapiga kilekile kinachopigwa na ya mbele kushoto. Umenunua spika tano, umepata stirio iliyotapakaa chumba kizima, na steringi anaongea mgongoni kwako badala ya kuongea mbele yako. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mtambo unaoweza kweli kuzigawa njia sita huwa na mlango wa kupokea sauti ya namna hiyo: waya wa HDMI kutoka kwenye TV au deki, au ule waya wa mwanga, au matundu sita yaliyoandikwa kila moja na kazi yake. Na ndani uwe na uwezo wa kuifungua sauti ya Dolby au DTS. Kama havipo, muuzaji akikwambia ni sauti ya sinema, muulize ya sinema ipi.

Sisemi kwamba wauzaji ni wezi. Sabufa ni kitu kizuri kwa muziki na kwa sherehe. Nasema tu kwamba tatizo lako lilikuwa sauti ya mtu anayeongea, na mngurumo haujawahi kuongea.

Sasa twende. Panda mwendokasi, tunashika barabara ya Morogoro. Jangwani hiyo inapita, bonde ambalo mvua kubwa zikija huwa linafunga barabara. Magomeni hiyo, Usalama, Mwembechai, Kagera, Argentina. Shuka, tumefika Manzese.

MANZESE, KWENYE KIBANDA UMIZA

Kabla hatujaingia kwa mtu, tupite kwanza kwenye banda la video. Wewe unayekaa Masaki labda hujui kibanda umiza ni nini. Ni chumba kirefu cha mabati au matofali, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, TV juu kabisa ili hata wa nyuma aone, na spika mbili kubwa za mbao moja kila upande. Joto ni lile lile, siku ya mpira na siku ya picha. Unatoka umeloa jasho na mgongo unauma, ndiyo maana likaitwa hivyo.

Angalia jinsi watu walivyokaa. Benchi moja lina watu saba. Yule wa katikati anasikia spika zote mbili sawasawa, na kwa sababu maneno yanatoka kwenye zote mbili kwa kipimo kimoja, ubongo wake unamwambia kwamba mtu anaongea pale katikati, kwenye TV, mahali ambapo hakuna spika kabisa. Hiyo ndiyo spika ya tatu ya bure, wala haili umeme. Lakini yule wa mwisho kushoto hana bahati hiyo. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa karibu na spika moja kwa sentimeta 34 tu, inakufikia elfu moja ya sekunde kabla ya mwenzake. Elfu moja ya sekunde inatosha kuudanganya ubongo kwamba mtu anaongea ndani ya boksi lile.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijaona mtu akikisema. Mabanda yetu yalishapata dawa ya tatizo hili zamani, tena bila kujua. Dawa hiyo ilikuwa ni wale jamaa wanaotafsiri picha. Nani hamkumbuki Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala? Picha ya Kichina au ya Kimarekani ilikuwa ikipita mikononi mwake inatoka na Kiswahili chake, na utani wake, na maelezo ya nani kamkosea nani. Baadaye wakaja akina DJ Mark, na kwa majirani zetu Kenya wakawa na DJ Afro wao.

Fikiria kiufundi. Sauti ya mtafsiri inawekwa juu ya kila kitu, sawasawa kwenye spika zote mbili, na mlipuko ukija unapunguzwa ili yeye asikike. Yaani alikuwa anafanya kazi yote ya ile spika ya katikati! Kibanda kizima, kuanzia mtoto wa benchi la mbele hadi mzee aliyesimama mlangoni, kilikuwa kinaifuata hadithi. Hakuna aliyelalamika kwamba mvua haisikiki nyuma ya kichwa chake. Kwa hiyo mabanda yalitufundisha kitu cha kushika unapokuwa na spika mbili: kwanza okoa maneno, mengine yatafuata.

NDANI YA CHUMBA CHA MSHIKAJI

Si mbali na Tip Top amepanga mshikaji wangu mmoja, fundi wa kuchomelea mageti. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba sita, choo uani, na kuta ambazo hazifiki juu kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia pole. Chumba chake ni futi kumi kwa kumi. Kitanda, kabati, TV ya kisasa juu ya meza, deki ya DVD ya siku nyingi, amplifaya ya mtumba na spika mbili za mbao alizorithi kwa kaka yake.

Nilimkuta amenuna.

"Mwanangu, hizi spika zimekufa," akaniambia. "Helikopta nasikia, risasi nasikia, mvua nasikia. Watu ndio wanachezesha midomo tu. Kesho nazama Kariakoo, nachukua hom thieta."

"Hela umeipata wapi wewe?"

Kimya. Mkewe, aliyekuwa mlangoni anachambua mchele, akajibu bila kuinua uso.

"Mwambie vizuri, shemeji. Mwambie akwambie ni hela ya nini. Ni ya kodi hiyo, miezi sita. Baba mwenye nyumba anakuja tarehe moja."

Hapo picha ikabadilika. Si suala la starehe tena, ni suala la familia kutolewa vitu nje kwa sababu steringi hasikiki.

Tukaigeuza deki. Nyuma ina matundu mengi ya sauti. Kuna mawili yamekaa peke yake, jekundu na jeupe, na kuna mengine sita yamepangwa pamoja. Waya wake mmoja ulikuwa kwenye "mbele kushoto" na mwingine "mbele kulia", katika yale sita. Na kwenye menyu deki ilikuwa imewekwa kwenye 5.1.

Umeshaelewa? Deki ilikuwa inaamini ina spika sita. Muziki na milipuko ikaupeleka kushoto na kulia. Maneno ikayapeleka kwenye tundu la katikati, ambalo halina waya. Watu walikuwa wanaongea kila siku, kwa sauti safi kabisa, ndani ya tundu tupu.

Tukaingia kwenye menyu, sehemu ya sauti, tukabadilisha kutoka 5.1 kwenda STEREO. Kwenye deki nyingine utakuta neno DOWNMIX, kwenye nyingine PCM au 2CH. Tukahamishia waya kwenye yale matundu mawili ya peke yake. Ukishafanya hivyo mtambo unachukua ile njia ya katikati unaigawa: nusu ya nguvu yake kushoto, nusu kulia. Za nyuma nazo zinapunguzwa zinachanganywa humo humo, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Ile ya mngurumo mara nyingi inaachwa kabisa, kwa hiyo usishangae mlipuko ukipunguza kishindo. Mabesi mengine bado yamo kwenye njia za mbele, na baba mwenye nyumba atashukuru.

Akawasha ile picha, anayo karibu mwezi. Mtu wa kwanza alipofungua mdomo, shemeji akaacha mchele akaingia ndani na ungo mkononi. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho wa kipande kile.

"Kumbe huyu ndiye aliyemuuza kaka yake!" akasema. "Mimi siku zote nilidhani ni rafiki yao."

Mwezi mzima wamekuwa wanamshangilia msaliti.

KAMA DEKI HUNA

Vijana wengi siku hizi hawana deki, wanatumia flash, kompyuta au intaneti. Ugonjwa ni ule ule, nguo tu zimebadilika. Kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya sauti uhakikishe imeandikwa stirio. Ikiwa imewekwa kana kwamba una spika sita, maneno yatapotea vilevile. Kwenye TV inayopeleka sauti kwenye amplifaya kwa waya wa mwanga au HDMI, weka PCM. Ukitumia tundu la hedifoni la TV hauna wasiwasi, pale sauti inatoka ikiwa tayari ya njia mbili.

Na ukiweka flash, picha ikaja safi lakini sauti hakuna kabisa, usiipige TV makofi. Huenda faili lina sauti ya DTS na TV yako haina ruhusa ya kuifungua. Bonyeza uangalie kama kuna njia nyingine ya sauti ndani ya faili lile, au icheze kwa VLC kwenye kompyuta, yenyewe inaifungua na kuipeleka kwenye spika zako mbili.

Pia vile vibonyezo vya "3D" na "sauti ya kuzunguka" vizime kwanza. Vinachezea mawimbi ya sauti ili masikio yadhani kuna spika pembeni, na wakati mwingine maneno yanakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Ukivipenda viwashe baadaye, lakini sikiliza kwanza bila.

WAYA, STULI NA PAZIA

Kwa mshikaji maneno yalirudi, ila yalikuwa na upungufu fulani, kama mtu mwenye mafua. Tukafuata waya za spika. Moja nyekundu kwenye nyekundu, sawa. Ya pili nyekundu ilikuwa kwenye nyeusi. Zikiwa hivyo, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi inakufa na ile sauti ya katikati inatawanyika. Ukitaka kupima bila kuona waya, weka taarifa ya habari, simama katikati. Msomaji akisikika yuko mahali pamoja mbele yako, safi. Akisikika yuko kila mahali na hayuko popote, geuza waya za spika moja tu.

Halafu pa kuziweka. Yeye alikuwa ameziweka zote mbili juu ya kabati, zinaangalia bati. Tukazishusha. Chora pembetatu kichwani: spika moja, spika ya pili, na kichwa chako, umbali sawa pande zote tatu. Katika chumba cha futi kumi, mita moja na nusu hadi mbili inatosha. Vile vispika vidogo vya sauti nyembamba vikae usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Stuli mbili zinafanya kazi, na ukitaka kujidai seremala wa Keko atakuchongea stendi. Geuza spika kidogo zikuangalie. Zisibanwe kwenye kona, kwa sababu kona inaongeza besi iliyokosa adabu.

Chumba cha mraba nacho kina tabia yake. Kuta zikiwa mita tatu kwa mita tatu, zinashangilia kwa pamoja mtetemo mmoja wa kama mara 57 kwa sekunde, pande zote mbili. Huo ndio ule mvumo unaofunika maneno na kupita juu ya ukuta kwa majirani. Hamisha kiti au kitanda kidogo kutoka ukutani utaona unavyopungua. Pazia zito, godoro na nguo zilizotundikwa vinasaidia kunyonya mwangwi wa sauti nyembamba. Kumbe ule mrundo wa nguo nyuma ya mlango ulikuwa na faida!

USIKU WA MANANE

Imebaki ile kupanda na kushuka. Hata ukifanya yote haya, picha za sinema zimetengenezwa kwa ukumbi mkubwa wenye ukimya, ambapo mnong'ono unaruhusiwa kuwa mdogo kabisa na bomu kuwa bomu. Chumba cha Manzese hakina ukimya huo. Kuna feni, kuna bodaboda, kuna mama anamwita mwanawe.

Tafuta kwenye menyu neno NIGHT au DRC. Hicho kinapandisha vya chini na kushusha vya juu. Sauti za Dolby Digital zinabeba maelekezo ya kubana namna hiyo humo humo ndani, yanasubiri wewe uyaruhusu. VLC nayo ina kibano chake kwenye sehemu ya vionjo vya sauti. Ukishawasha, unaweka rimoti chini mpaka picha iishe.

Na usilichukulie jambo hili kama mzaha. Tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004, na kelele ya nyumbani nayo ni kelele. Lakini hata bila kanuni, katika nyumba ya vyumba sita kuna mtu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri, na kuna mama mwenye kichanga. Spika mbili zilizopangwa vizuri, zikipiga kwa chini, kila neno likisikika, ni heshima kwa watu unaoishi nao. Sabufa inayotikisa vyungu vya jirani haiwezi kukupa hiyo.

Sikatai, kama una sebule kubwa, wageni wengi na pesa isiyo ya kodi, nunua spika ya katikati na za nyuma, zina raha yake. Mkiwa watu wanane mmekaa kila upande, ile ya katikati ni ya lazima hasa. Lakini wewe na mwenzio katika chumba kimoja, mmekaa sawasawa mbele ya spika mbili, hampungukiwi na neno hata moja. Kitakachokosekana ni ndege kupita nyuma ya kichwa, na Manzese hiyo unaipata bure, toka nje tu uangalie juu.

Mshikaji kodi yake alilipa. Pesa iliyobaki alinunua waya mpya mita sita na stuli moja, ya pili akaichomelea mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujazama Kariakoo na bahasha, geuza kwanza deki, fuata waya, fungua menyu, shusha spika kutoka juu ya kabati. Ikishindikana hapo ndipo tuongee habari za hom thieta. Kwa leo naishia hapa, mtu wangu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.